Kiti cha Mkono wa Kushoto

Mutembei aliugua siku tatu tu, na waliomponya walikuwa watatu. Padri alisema ni sala ya wagonjwa. Mganga wa ng'ambo ya mto alisema ni yule mbuzi mweusi, ambaye aliondoka naye akiwa hai ili dawa ikakamilikie kwake. Bwana wa zahanati alisema ni klorokwini, kwa sababu kwake yeye kila kitu kilikuwa klorokwini. Felicitas, mke wa Mutembei kwa miaka thelathini, ndiye aliyemgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko na kumfuta mate yaliyochuruzika upande mmoja wa mdomo, lakini hakuna aliyemhesabu miongoni mwa waganga.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, mambo yote yakifanywa kwa pamoja, hata kumponya Mutembei. Alikuwa ameanguka asubuhi akipogolea mibuni yake nje kidogo ya Nshamba, bila kuangukiwa na tawi wala kuumwa na nyoka. Siku ya nne akaamka, akadai suruali, akaingiza mguu wa kulia, akafunga mkanda, akaanza kutoka.

"Na mguu mwingine?" Felicitas akamuuliza.

"Mwingine upi?"

Felicitas alidhani ni utani. Mutembei hakuwa mtu wa utani, lakini mtu akitoka kuzimu huenda amejifunza mambo huko.

Utani ukaendelea. Alinyoa ndevu za shavu la kulia, akajipapasa, akaridhika. Alijigonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango mara tatu kwa siku, na mara zote tatu akaulaumu mwimo. Majirani walipomwita akakanyage ndizi za rubisi, pombe ya huku, aliingia kwenye mtumbwi wa kukamulia na majani yake, akakanyaga kwa bidii ya kijana mpaka jasho likamtoka. Walipotazama, upande mmoja ndizi zilikuwa zimekuwa juisi, upande wa pili zimelala nzima na maganda yanang'aa kama za sokoni. Wakasema mzee amechoka. Pombe ya siku ile ilikuwa mbaya, wakainywa yote.

Kilichomuumiza Felicitas kilikuwa sahani. Siku moja alimwekea ebitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage, sahani imejaa. Mutembei akala, kisha akasukuma sahani.

"Nimekukosea nini, mwanamke?"

"Kwa nini?"

"Nusu sahani! Mtu ametoka kuumwa, unampimia kama mfungwa."

Felicitas akatazama. Upande wa kulia sahani ilikuwa nyeupe, imefutwa mpaka mchuzi. Upande wa kushoto ebitoke vimekaa vilevile, na katikati mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula. Akaichukua sahani kwa hasira, akaenda nayo hatua mbili, akaona ni dhambi kumwaga chakula, akarudi akaibwaga mezani vyovyote ilivyokuja.

"Ehe!" Mutembei akasema. "Kumbe kipo. Mpaka ugombezwe ndipo ulete." Akala chote.

Tangu siku hiyo Felicitas alijua la kufanya, ingawa hakujua analifanyia nini. Mume akifika katikati, yeye aligeuza sahani. Mume akashiba, na kwa shukrani akamwambia kila aliyepita njiani: "Huyu mama siku hizi ananificha chakula. Nikifoka, analeta. Nisipofoka, nakufa." Kadiri alivyomlisha vizuri ndivyo jina lake lilivyozidi kuharibika. Ndoa ina malipo mengi, na hayo ni mojawapo.

*

Jumamosi moja akaja Privatus, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa na daftari kwapani na malalamiko ndani yake. Katika shamba la ujamaa kila mtu alipewa mstari wake wa kupalilia, na mstari wa Mutembei ulikuwa umepaliliwa upande mmoja, safi kabisa, huku upande wa pili nyasi zimefika magotini. Privatus alikuwa amesoma mpaka darasa la nane na hakuacha watu wasahau. Aliona hiyo ni hujuma.

Alikaribishwa, akachagua kiti chenye mto, ambacho kilikuwa mkono wa kushoto wa mwenye nyumba. Mkono wa kulia alikuwa amekwishakaa Clavery, mdogo wake Mutembei, ambaye kibanja chake, yaani shamba la nyumbani, kilipakana na cha kaka yake na ambaye hakupitwa na mgeni wala chungu.

Sasa, katika nyumba za huku mgeni hajakaribishwa mpaka amepewa akamwani, yaani buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Hata adui hupewa. Usipompa mtu akamwani umemwambia, bila kufungua mdomo, kwamba ungependa akafie kwake.

Mutembei alichukua kikapu kidogo, akafungua kifuniko, akamnyooshea Clavery kwa mikono miwili kwa heshima zote. Akachukua zake mbili, akatafuna. Akafunga kifuniko.

Privatus akakohoa.

"Felicitas," Mutembei akaita, "mbuzi amefunguka. Namsikia anakohoa."

"Ta Mutembei," Privatus akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "habari za hapa?"

Mutembei akamgeukia Clavery. "Nzuri. Si umeshaniuliza?"

"Si mimi, kaka. Ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti? Yuko wapi?"

"Huyo hapo."

Mutembei akatazama kulia, akampita Clavery, akatazama dirishani, akatazama mpaka migombani. "Simuoni. Akija mwambieni nilimsubiri."

Privatus akasimama, shingo imevimba. "Nimetukanwa! Na chama kimetukanwa!"

"Clavery, punguza sauti," Mutembei akasema. "Sijawa kiziwi."

Felicitas alitoka mbio na kikapu kumfuata mwenyekiti irembo, pale njia ya nyumbani inapokutana na barabara. Privatus akakataa kahawa, akaandika kitu kirefu kwenye daftari akiwa amesimama.

Ndani Clavery alikuwa kimya, na Clavery akiwa kimya ujue anafanya hesabu. Watu wote waliona kichekesho, yeye akaona mibuni.

"Kaka," akasema polepole, "hebu nikumbushe. Kibanja chako kinaishia wapi?"

"Unauliza mambo ya watoto. Ukiingia irembo ukatazama nyumba, kuna banda la mbuzi, kuna migomba ya rubisi, kuna mlamula wa mpakani, kisha kwa Benigna. Basi."

"Basi?"

"Unataka nini zaidi?"

Aliyosema yote yalikuwa upande wa kulia. Upande wa kushoto kulikuwa na mfenesi, na mibuni mia moja na arobaini, na miti ya mlamula inayotenganisha kibanja hicho na cha Clavery. Mibuni ile Felicitas aliipanda kwa mikono yake mwaka wa Uhuru, akiwa na mimba ya mtoto wa mwisho. Clavery akaaga, na alipokuwa akienda kwake alipita katikati ya mibuni hiyo taratibu, akiishika shika kama mtu anayenunua ng'ombe.

Baada ya siku chache kijiji kizima kilijua. Felicitas amempa mumewe dawa. Ndiyo maana mzee haoni wageni, haoni chakula, hakumbuki hata mali yake. Ukoo ukaitwa kukutana Jumapili ya pili, baada ya misa. Ajenda ilikuwa nyepesi: Felicitas arudi kwao Buhembe akapumzike, na sehemu ya kibanja ambayo kaka mwenyewe haidai, Clavery aitunze. Kanisa linasema ndoa haivunjwi, na ukoo ulikuwa ukoo wa Kikatoliki. Haukuvunja ndoa. Ulitaka tu mke asiwepo.

*

Felicitas hakulia. Alikuwa na wiki moja na nusu, na kulia kunachukua muda. Alikwenda na mumewe Bukoba kwa basi, akabeba kikapu cha buni mbivu za kumpa daktari, maana mkono mtupu haulambwi.

Mutembei alikaa dirishani, mkono wa kulia, na njia nzima alifurahia ziwa. "Tazama maji yalivyotulia! Tazama mitumbwi!" Felicitas alitazama, akatikisa kichwa, akaomba Mungu.

Daktari aliitwa Muharami, mzaliwa wa mjini, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akapenda ndizi akabaki. Kihaya chake kilikuwa safi kuliko cha watu wengi wa Nshamba. Alimsikiliza Felicitas mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu tangu mwezi uliopita. Kisha akachukua buni kumi kutoka kwenye kikapu, akazipanga mezani mstari mmoja.

"Mzee, nihesabie."

"Tano," Mutembei akasema.

"Hebu zunguka meza, uje ukae huku kwangu. Nihesabie."

"Tano."

"Jumla?"

"Si tano! Daktari, kwenu shule hamkuhesabu?"

Muharami akacheka, akachukua buni moja, akaibana kwa vidole. Punje mbili zikatoka. "Mama, umeona? Ndani ya fuvu mko hivihivi. Nusu mbili zimelaliana. Nusu ya kulia ndiyo inayochunga upande wa kushoto, na ya kushoto inachunga kulia. Usiniulize kwa nini Mungu alizipishanisha, sikuitwa kwenye kikao. Sasa siku ile alipoanguka, damu ilikosa njia, na kipande cha nusu ya kulia kikafa. Macho yake ni mazima. Lakini mchungaji wa upande wa kushoto hayupo, kwa hiyo ng'ombe wa huko hakuna anayewahesabu."

"Yaani anafanya makusudi?"

"Hapana."

"Basi si angejua kwamba haoni?"

"Hapo ndipo penye kazi. Kipofu anajua kwamba ni kipofu. Huyu kwake dunia imekamilika, haina pengo. Sasa sahani ikiwa nusu, atasemaje? Atasema mke mchoyo. Akili haipendi kusema sijui, inatafuta wa kumlaumu."

"Kwa hiyo si dawa niliyompa."

"Umempa dawa gani?"

"Sijampa!"

"Basi si hiyo."

Akaandika cheti. Akasema mgonjwa akumbushwe kila mara kugeuza kichwa, apunguze chumvi, na kwamba baadhi ya watu hurudiwa kidogo kwa muda na wengine hawarudiwi. Hakuahidi kitu, wala hakudai mbuzi.

Kurudi, Mutembei alikaa upande uleule wa basi. Walipofika mahali ambapo asubuhi alishangilia mitumbwi, aliona vilima, migomba na vilima tena. Alihangaika, akachungulia, akamgusa Felicitas.

"Ziwa liko wapi?"

"Lipo."

"Halipo. Asubuhi lilikuwa hapa." Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa masikitiko, "Wamelitaifisha."

Abiria wakacheka, wachache wakatazama nyuma kwanza kuona nani anasikia. Felicitas hakucheka. Aligeuka kushoto, akalitazama lile ziwa lote lilivyotandaa, likimulika bila kujali kama Mutembei analiona. Sahani niligeuza, akawaza. Meza daktari alimzungusha. Basi nalo limegeuka. Akakaza kitenge kiunoni.

*

Jumapili mvua ilinyesha, ile ya Buhaya ambayo haina haraka. Ukoo ulikuwa umepanga kutembea mipaka, lakini hakuna aliyetaka kulowa kwa ajili ya mali ya mwingine, hivyo wakajibana sebuleni wasubiri pombe. Mzee Philbert, mkubwa wa ukoo, aliketi katikati akiwa amefumba macho. Husema anafikiri. Privatus alikuja pia, bila kualikwa, kama serikali ijavyo.

Felicitas alitoa cheti. Kiliandikwa Kiingereza, kwa hiyo wote wakamtazama Privatus wa darasa la nane. Privatus alikishika mbali, akakishika karibu, midomo ikacheza.

"Kinasema nini?" Mzee Philbert akauliza.

"Kinasema…" Privatus akakunja karatasi. "Kinasema anaumwa."

"Hilo hata sisi tunalijua," Clavery akasema. "Tumsikie mwenyewe. Kaka, tuseme umesimama irembo, unatazama nyumba yako. Utajie ukoo mali yako."

Mutembei akanyoosha mgongo. "Kuna banda la mbuzi. Kuna migomba ya rubisi, kama sitini. Kuna mlamula, kisha kwa Benigna. Basi."

"Na mibuni?"

"Mibuni ipi?"

Watu wakaguna. Clavery akafungua mikono kama padri altareni. "Mmesikia kwa masikio yenu. Hajui kwamba ana mibuni. Mimi sitaki kitu, waitu, ndugu zangu, nataka tu kutunza kisicho na mwenyewe."

Hapo Privatus akaamka kabisa. "Umesema kisicho na mwenyewe?"

"Nimesema… kwa namna ya kusema."

"Ardhi isiyo na mwenyewe ni ya kijiji," Privatus akasema, na daftari likafunguka lenyewe. "Mibuni mingapi?"

Clavery alikuwa mtu mweusi, lakini siku ile alipata rangi ya majivu. Ghafla akaanza kukumbuka kwamba kaka yake ni mgonjwa, kwamba maneno ya mgonjwa hayashikwi, kwamba damu ni nzito. Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja akiigawa mibuni ya Felicitas kwa jinsi alivyoona haki, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mwenye kuipanda amesimama mlangoni na jagi.

Felicitas akaweka jagi chini.

"Baba zangu," akasema, "kabla hamjamaliza kugawana, naomba kumuuliza mume wangu neno moja. Baada ya hapo nitafunga mzigo mwenyewe, hamtanifukuza mara mbili."

Mzee Philbert akafungua jicho moja. "Uliza, Ma Felicitas."

Akapiga magoti mkono wa kulia wa mumewe, pale alipojua ataonekana.

"Ta Mutembei, tuseme mvua imekatika. Umetoka ndani, umesimama mlangoni, umeipa nyumba mgongo. Unatazama irembo. Unaona nini?"

Mutembei akafumba macho. Mvua ikapiga bati.

"Naona mfenesi," akasema. "Naona mibuni yako, Felicitas. Mia moja na arobaini. Ulipanda mia na hamsini, kumi ikafa kwa jua. Ulikuwa na tumbo kubwa, nikakwambia kaa chini, ukaniambia kaa wewe."

Felicitas akauma mdomo.

"Na mpaka?" Mzee Philbert akauliza. Sasa macho yote mawili yalikuwa wazi.

"Milamula. Wa kwanza niliupanda na marehemu baba. Wa pili…" Akasita, uso ukamkunjamana. "Wa pili Clavery aliung'oa siku ambazo mama alikuwa anakata roho. Akausogeza ndani kwangu hatua saba. Niliona. Nikasema mama asife akisikia wanawe wanagombania majani."

Clavery alianza kusema kwamba maneno ya mgonjwa hayashikwi, lakini hilo alikuwa amekwisha kulitumia.

"Na banda la mbuzi?" mzee akauliza. "Na migomba ya rubisi? Na Benigna?"

Mutembei akafungua macho, akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. "Benigna gani?"

Watu wakapasuka kucheka, na Mutembei akacheka pia kwa adabu ya mwenye nyumba, bila kujua kinachochekwa. Felicitas hakuweza. Alikuwa ameshinda, na wakati huohuo akaona vizuri kitu ambacho daktari alimweleza: mume wake hatakuwa na kibanja kizima tena, hata akilini. Atakuwa nacho nusu nusu, na itabidi yeye awe anamgeuza.

Privatus bado alikuwa ameshika kalamu. "Kwa hiyo nusu ambayo sasa haidai…"

"Mwenyekiti," Felicitas akasema, "ukitaka nusu asiyoiona itabidi uje kuhamia hapa mlangoni. Akitoka ni hii, akirudi ni ile. Utachoka wewe na daftari lako."

Mzee Philbert akaamua kabla pombe haijapoa, ingawa rubisi haina moto. Kibanja ni cha Mutembei chote. Mke ni wa Mutembei wote. Mlamula utarudishwa hatua saba Jumatatu asubuhi, na atakayeubeba ni yule aliyeubeba mara ya kwanza. Kuhusu mstari wa shamba la ujamaa, Felicitas alishauri mzee apalilie kwenda na apalilie kurudi. Privatus akaliandika hilo kama wazo lake.

*

Mutembei alirudiwa kidogo. Siku hizi ukimgusa bega la kushoto hugeuka, akashtuka kukuta kuna dunia huko. Sahani bado hugeuzwa, lakini haropoki tena barabarani, au akiropoka watu hawasikii kama zamani.

Wageni wanaendelea kuja, na sasa Felicitas ndiye anayewapangia pa kukaa. Benigna hukaa kulia. Privatus alijifunza upesi, akatoa ule mto mwenyewe na kuuhamisha. Clavery akija, Felicitas humpokea kwa kicheko, humfutia kiti kwa ncha ya kitenge, humketisha kushoto.

Mutembei hufungua kikapu, hugawa akamwani kwa mikono miwili, hutafuna zake, hufunga kifuniko. Kisha huhema.

"Clavery haji siku hizi," husema. "Hatua saba tu, mtu ananuna."

Upande wa kushoto mtu hukohoa.

"Nani huyo?"

"Mbuzi," Felicitas hujibu, akiendelea kuchambua maharage yake.